Mmea Tulioutafuta Kiangazi

Vijana wangu, mliniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu kazi ya kutafuta na kutathmini mimea adimu ya majini, mkasisitiza nisiwarudishie yaliyomo vitabuni kwa sababu hayo mnayo kwenye simu. Sawa. Nimestaafu, niko hapa Themi na kuku wangu, muda ninao tele. Ila sitawachekesha sana. Kuna mmea mmoja ambao kila nikianza kuzungumzia mengine unanirudia, kwa hiyo afadhali niuseme tangu mwanzo. Ulikuwa unaota kwenye bwawa moja dogo juu ya Usa River, upande wa mlimani. Hauoti tena hapo, wala hatujauona pengine popote, na mkono wangu umo katika jambo hilo.

Nianze na mabuti, maana naona siku hizi mnaingia majini haraka mno. Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa binti wa Machame niliyejiona nimesoma. Aliyenipokea ni Mzee Mushi, mtaalamu wa mimea wa ofisi yetu, mtu mfupi mwenye sauti nzito ya kwaya na kofia isiyofuliwa. Alinionyesha picha ya jani, akanipeleka kwenye kinamasi, akasema nilitafute. Niliingia na mabuti yangu mapya ya mpira, nikavuruga tope nusu saa nzima, kisha nikatangaza kwamba mmea huo hapa haupo. Mzee Mushi alikuwa bado amesimama ukingoni, mikono mgongoni.

"Inua mguu wa kulia, binti," akasema.

Nikainua. Ulikuwa chini ya buti langu, umelala kwenye tope. Hakunigombeza. Alinisimamisha pale pale mpaka saa sita mchana, akataka nimtajie kila kilichokuwa kikiota mbele ya macho yangu bila kusogea, na kila nilipodhani nimemaliza alinionyesha kingine. Nilirudi nyumbani shingo inauma na nimefahamu majina kumi na mawili.

Kwa hiyo simameni nje kwanza. Jua liwe mgongoni kwenu, mchuchumae, mkae hivyo mpaka mng'ao wa maji uwaishe machoni, ndipo mtaanza kuona majani. Na ruba akiwashika msimvute, mtieni chumvi ataachia mwenyewe. Mimi nilimvuta mmoja kwa hasira, kidonda kikanikalia mwezi mzima, nikaenda kwenye harusi ya dada yangu nimevaa soksi na viatu vya wazi. Picha zipo, msiniombe niwaonyeshe.

Jingine ni kukausha. Mmea wa nchi kavu hata mtoto anaweza kuubana kwenye gazeti. Wa majini ukiutoa tu unanywea, majani yanagandana kama nywele zilizoloa, na ukiulaza hivyo hivyo unapata doa la kijani lisilofaa kitu. Mzee Mushi alikuwa anajaza maji kwenye karai, anauachia mmea ujikunjue wenyewe, kisha anapitisha karatasi chini yake na kuinua polepole sana, upande mmoja kwanza, maji yakichuruzika na majani yakibaki yametanda. Juu anaweka kitambaa cha pamba ili usishikane na gazeti, halafu magazeti, halafu mbao na mkanda. Magazeti yanabadilishwa kila siku bila kukosa. Alikuwa akifanya hivyo huku anaimba, na akifika kwenye kuinua karatasi anaacha kuimba.

Mmea ninaotaka kuwaeleza niliujua kwanza kwenye karatasi ya namna hiyo. Ilikuwa katika kabati la chumba chetu cha mimea mikavu, ya zamani sana, iliyokusanywa na mtu ambaye hata Mzee Mushi hakumkuta. Majani madogo yenye upana wa kucha ya kidole gumba, ya kuelea. Kikonyo chembamba. Ua moja lililokuwa limeshageuka rangi ya chai. Chini kabisa, kitunguu kidogo chenye ukubwa wa punje ya hindi. Hakukuwa na karatasi nyingine ya mmea huo katika kabati lolote tulilowahi kuliulizia. Kibandiko kilitaja bwawa, mashariki ya Mlima Meru, na mwezi: Aprili.

Mwaka ambao Mzee Mushi alistaafu, kazi ya kutathmini hali ya mmea huo iliangukia kwangu. Wakati anafungasha vitu vyake alinifungulia lile kabati, akaweka kidole kwenye kibandiko, akaniambia niufuate mwezi ule. Nikamwitikia. Nilikuwa nimesoma kibandiko kile mara nyingi, nikadhani kukisoma kunatosha.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kosa hili mtalifanya na nyinyi msipoangalia. Fedha za kazi za nje zilikuwa zikifika miezi kadhaa baada ya mwaka wa serikali kuanza Julai. Mafuta ya gari yakipatikana ni Septemba au Oktoba. Masika ikiingia, fedha zimeshakwisha na barabara ya kwenda kule juu ni tope jeusi la mlimani ambalo gari linateleza kama limepakwa sabuni, na dereva wetu Loishiye, mtu wa Oldonyo Sambu asiyeogopa simba wala tembo, alikuwa anaogopa tope lile na alisema wazi. Kwa hiyo sisi, watu wazima na vyeti vyetu, tulikwenda kutafuta mmea wa majini wakati wa kiangazi, kwa sababu ndipo gari lilipoweza kupita. Tulikwenda hivyo miaka mitatu mfululizo. Hakuna aliyecheka.

Bwawa tulilipata bila taabu. Lilikuwa kwenye kipande cha majani chini ya migomba ya mama mmoja aliyeitwa Mama Anaeli, Mmeru, mjane, anayefuga ng'ombe wawili bandani. Chemchemi ndogo ilikuwa inatoka kwenye miamba na kulijaza. Kiangazi maji yalikuwa yanajivuta katikati, yakabaki kama jicho, na pembeni pote tope likakauka na kupasuka. Tukapima. Tukatandaza miraba yetu ya waya, tukahesabu ndago, tukahesabu majani ya maji ya kawaida, nikaandika kwenye fomu: haukuonekana.

Mwaka wa pili Mama Anaeli alitukuta tumeinama. Alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe, mzigo bado kichwani.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Nyie mnatafutaga nini humu?"

Nilimwonyesha nakala ya picha ya ile karatasi. Akatua mzigo, akaishika picha mbali na macho, akacheka kidogo, akautaja mmea kwa Kimeru. Akasema mama mkwe wake alimkataza kukata majani ukingoni mwa bwawa mvua zikianza, mpaka ua hilo limalizike, na yeye amewakataza wake za wanawe vivyo hivyo.

"Mnakuja wakati umelala," akasema. "Njooni mvua zikishakolea, mtauona mpaka mchoke."

Nilimshukuru, tukanywa maziwa yake ya mgando, tukapewa na ndizi za kubeba. Ndani ya gari nilijaza fomu. Haukuonekana. Fomu ilikuwa na nafasi ya urefu wa bwawa, ya kina, ya joto la maji, ya idadi ya mimea. Haikuwa na nafasi ya maneno ya mama aliyekaa kando ya bwawa hilo tangu aolewe, na mimi sikugeuza karatasi kuandika nyuma. Hata lile jina la Kimeru sikuliandika.

Mtasema kwa nini sikurudi Aprili. Niliomba gari mara moja, nikaambiwa bajeti imefungwa, nikanyamaza. Lakini tusidanganyane. Kutoka hapa Themi hadi Usa River ni mwendo mfupi, bodaboda za kupanda juu zipo hata mvua ikinyesha, na Jumamosi zangu zilikuwa zangu. Nilikuwa na kitenge cha kushona na kikao cha kwaya. Sikuenda kwa sababu sikuamini kwamba kazi ni kazi kama hukwenda na gari la ofisi na fomu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba hakuna aliyenizuia.

Baada ya kiangazi cha tatu niliandika ripoti. Niliandika kwamba tumetafuta mara tatu, katika miaka mitatu tofauti, mmea haukuonekana, na kwa hiyo inaelekea umekwisha katika bwawa hilo. Kulikuwa na neno la kweli ambalo ningeweza kuliandika, nanyi mnalijua: taarifa hazitoshi. Lakini neno hilo wakubwa walikuwa hawalipendi, linaonekana kama uvivu. Nikaweka sahihi.

Karatasi ikishatoka mezani kwako ina miguu. Kijiji kilikuwa kinaomba mradi wa maji kwa miaka mingi, na haki yao, kwa sababu watoto wa kule walikuwa wanapanda na madumu mlima mzima, na maji ya visima vya chini yanaharibu meno, mnayajua. Chanzo kizuri cha karibu kilikuwa chemchemi ile. Sheria inataka kuulizwa kama kuna kiumbe adimu mahali pa kujenga. Wakauliza. Wakajibiwa kwa ripoti yangu.

Mimi sikujua kitu. Mvua zilikuwa zimeanza, nikiwa ofisini nabadilisha magazeti, simu ikaita. Mama Anaeli. Namba nilikuwa nimempa siku ile ya maziwa.

"Aika," akaniita kwa jina langu, "ua lako limetoka. Uje haraka, wanamwaga zege."

Siku hiyo sikuuliza gari. Nilipanda daladala hadi Usa River, nikachukua bodaboda, pale iliposhindwa nikashuka nikapanda kwa miguu, viatu mkononi. Nilipofika mvua ilikuwa imetulia. Chemba ya zege ilikuwa imekaa juu ya jicho la chemchemi, bado mbichi, imefunikwa na magunia. Mtaro wa bomba ulikuwa umekata ukingo wote wa bwawa, na maji yalikuwa yameshaanza kukimbilia mtaroni. Tope la ukingo lilikuwa limechotwa na kurundikwa upande wa barabara, na lori lilikuwa limeshabeba sehemu yake kwenda kujaza mashimo.

Mama Anaeli alinipeleka nyuma ya nyumba. Kwenye karai la kufulia alikuwa ameokoa tope kiasi cha mikono yake miwili, na maji ya mvua juu yake. Humo ilikuwemo mimea saba. Ua moja lilikuwa wazi. Jeupe, vijana wangu, jeupe kabisa, na katikati njano kidogo, sikuwa nimejua kwa sababu la kwenye kabati lilikuwa rangi ya chai. Nilichuchumaa pale nikalitazama mpaka magoti yakafa ganzi. Lilijifunga saa saba mchana.

Mhandisi wa mradi alikuwa kijana wa Moshi, mwenye adabu, ana tope mpaka kifuani. Alikuja kunisalimia, nikamwonyesha karai, nikamweleza. Akageuka akaitazama chemba yake.

"Mama, mngeniambia tu," akasema. "Ningesogeza huku hatua ishirini, nikavuta bomba kutoka kwenye mwamba. Maji ni yale yale. Niliuliza kwa maandishi nikaambiwa hakuna kitu."

Alisimamisha kazi siku mbili kwa mamlaka yake mwenyewe, na vibarua wake wakatusaidia kupekua lile rundo la tope kwa vidole, punje kwa punje. Tulipata vitunguu vinne vilivyopondwa. Lori lilikokwenda tulikwenda pia, tukakuta tope limeshashindiliwa barabarani.

Ile saba tuliigawa. Miwili tuliipeleka kwenye bwawa jingine la juu, kwale na nguruwe pori wakaifukua na kuila kabla ya juma kuisha. Miwili niliileta hapa mjini, nikaiwekea maji ya mvua na tope lake lenyewe, ikaoza kuanzia chini. Miwili Mama Anaeli aliipanda kando ya mtaro, mtaro ukakauka mara bomba lilipofunguliwa. Tulikosea wapi sijui. Labda ulihitaji ubaridi wa maji ya chemchemi ile, labda kitu kingine ndani ya tope. Hatukuwahi kuujua ukiwa hai, tungejulia wapi kuutunza?

Ukabaki mmoja, wenye lile ua, kwenye karai lake nyuma ya nyumba. Majani mawili yalianza kuwa na doa. Nilimpigia Mzee Mushi, wakati huo anaumwa miguu na hatoki nyumbani. Nilitaka aniambie la kufanya. Ukiuacha, unaweza kupona. Ukioza, haufai hata kwa karatasi, na watu watakaokuja baada yetu watabaki na lile ua la rangi ya chai peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia kwamba yeye angeusubiri siku tatu, ya nne angeukausha, na kwamba hatanilaumu kwa lolote nitakaloamua.

Nililala kwa Mama Anaeli siku zote tatu. Asubuhi ya nne doa lilikuwa limefika kwenye kikonyo. Nilijaza maji safi kwenye karai jingine, nikauachia ujikunjue, nikapitisha karatasi chini yake. Mama Anaeli alishika ncha moja, mimi nyingine. Tuliinua pamoja. Machozi yalikuwa yananitoka na nikawa nageuza uso pembeni yasije yakadondoka juu ya majani. Kwenye kibandiko, mahali pa jina la mkusanyaji, niliandika jina lake.

Baada ya hapo nilirudi kila masika. Kila masika, kwa nauli yangu, kwa miguu yangu, nikiwa peke yangu au na Loishiye ambaye alijitolea, ingawa alikuwa bado analichukia lile tope. Tulizunguka kila bwawa, kila mtaro, kila shimo la kunyweshea ng'ombe kuanzia Usa River kupanda juu. Nilikuwa nachuchumaa jua likiwa mgongoni kama nilivyofundishwa. Siku hizi mnachota maji chupa moja, mnapeleka maabara, wanapima vinasaba, mnaambiwa nani amepita humo, na mimi nawaonea wivu. Lakini chupa nayo lazima ichotwe na mtu aliyefika kwa wakati wake, na aliyemuuliza mwenye eneo akaandika alichojibiwa.

Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu nilijaza fomu mpya. Safari hii nilikuwa nimetafuta kweli, katika miezi yake, na niliandika neno ambalo haliruhusiwi kuandikwa mpaka umetafuta hivyo. Umetoweka. Nikaweka sahihi ile ile.

Nikaona siwezi kustaafu bila kumwambia Mama Anaeli. Nilikuwa nimekula kwake, nimelala kwake, ameniita mwanangu miaka yote hiyo, na sikuwahi kumwambia kwamba ile karatasi iliyoleta chemba ilikuwa yangu. Masika ilikuwa haijaisha, nilimkuta jikoni, anachochea kuni, bomba linatiririka nje kwenye ndoo. Nikamwambia bila kuzunguka.

"Mama, mimi ndiye niliyeandika kwamba haupo."

Hakugeuka.

"Najua," akasema. "Walisoma barua kwenye mkutano wa kijiji, kabla hawajaanza kuchimba. Wakasoma na jina lako."

Niliuliza kwa nini basi alinipigia simu mimi, siku ile ya zege. Alitia kuni nyingine, akapuliza moto.

"Nilijua hukuuona," akasema. "Nikasema ukija ukauona kwa macho, utaandika upya."

Kisha akaniuliza kama nimeandika. Nikasema nimeandika. Akauliza safari hii nimeandika nini. Nikamwambia. Akasema ng'ombe hawajala, akachukua mundu wake ukutani akatoka. Mimi nilibaki pale kwenye kigoda, nalia kwa sauti, nikimsikia anakata majani kule chini, ukingoni, mahali ambapo hapakuwa na sababu tena ya kuacha kukata.